Mwenye Nyumba Afungua Duka: Microsoft na Vishikwambi, 2012–2015

Katika toleo hili wahariri waliomba makala za historia, na bila shaka wengi wenu mlitarajia Kilwa, au majahazi ya Zanzibar na Maskati. Hayo yana wenyewe katika chama chetu, nao wanayajua kuliko sisi. Sisi tulioandika makala hii ni watatu: wawili wanasoma biashara na mmoja anasoma kompyuta. Tumechagua historia ya juzi tu, jinsi Microsoft, kampuni iliyotajirika kwa kuuza programu, ilivyoingia katika soko la vishikwambi mwaka 2012, ikapata hasara iliyotangazwa dunia nzima, kisha ikapata njia yake. Wakati huo tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Leo katika ukumbi wa mihadhara haikosi safu yenye mtu aliyeweka mbele yake kishikwambi chenye kibodi ya kubandika kwa sumaku, na hakuna anayekishangaa. Kifaa cha namna hiyo kilizaliwa kwa taabu.

Kwanza neno lenyewe, maana walimu wetu watauliza. Nyumbani wengi wetu tunasema tableti, na wazazi wetu wanaelewa. Lakini Tanzania neno kishikwambi limeshika, hasa baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipozunguka navyo nyumba kwa nyumba, na baadaye vikagawiwa walimu. Tunalitumia hapa kwa sababu tunalipenda, na kwa sababu linasema ukweli wa kifaa: ni kitu cha kushika. Ukweli huo mdogo ndio uliowasumbua Microsoft miaka ishirini.

Hoja yetu ni hii. Husemwa sana kwamba Microsoft ilianguka mwaka 2012 kwa sababu ilichelewa. Sisi hatuoni hivyo. Ilikuwa miongoni mwa waliofika mapema kabisa. Kilichoiponza ni jina: ilitoa chini ya jina la Windows kitu kisichoweza kufanya lile jambo ambalo watu walikuwa wakinunulia Windows.

Ili kuelewa uzito wa jina hilo ni lazima turudi nyuma. Microsoft ilianzishwa mwaka 1975 na Bill Gates na Paul Allen huko Albuquerque, New Mexico. Bahati yake kubwa ilikuja mwaka 1981, IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi. IBM ilihitaji mfumo endeshi, na Microsoft ikaupata kwa kununua kazi ya kampuni ndogo ya Seattle na kuirekebisha. Lakini katika makubaliano yao Microsoft ilibaki na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine mfumo huohuo. Haki hiyo ndiyo iliyojenga utajiri wote uliofuata. Wengine walipoanza kuiga kompyuta ya IBM, kila mmoja alipaswa kwenda kwa Microsoft kuchukua leseni.

Tukitafuta mfano, Microsoft ilikuwa kama mwenye nyumba mjini. Hapiki, hauzi, wala hasafishi vyumba, lakini kila mwisho wa mwezi wapangaji wanapita mlangoni kwake na kodi. Compaq, Dell, HP, Acer, Toshiba, wote walikuwa wapangaji. Walishindana wao kwa wao kwa bei mpaka faida yao ikawa kiduchu, na kodi ya mwenye nyumba iliingia vilevile, awe ameuza huyu au yule. Ndiyo maana kwa miaka mingi Microsoft haikuwa na haja ya kutengeneza kompyuta yake yenyewe. Ilitengeneza kipanya mwaka 1983, na mwaka 2001 ikatoa Xbox, lakini vitu hivyo havikumnyima mpangaji yeyote mkate wake.

Mara moja tu kabla ya Surface iliwagusa wapangaji. Kampuni kadhaa zilikuwa zikitengeneza vichezeo vya muziki kwa kutumia teknolojia ya Microsoft iliyoitwa PlaysForSure. Mwaka 2006 Microsoft ikatoa kichezeo chake, Zune, na muziki ulionunuliwa kwa mpango ule wa zamani haukupiga ndani yake. Waliouamini mpango wakaachwa njiani, na Zune yenyewe haikuishinda iPod. Tulipokuwa tukisoma habari hizi tulijiuliza kama kuna mtu ndani ya kampuni aliyekumbuka Zune miaka sita baadaye.

Sasa kuhusu kuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Microsoft ilikuwa tayari na toleo la Windows la kuandikia kwa kalamu. Novemba 2000, katika maonyesho ya COMDEX huko Las Vegas, Gates alionyesha mfano wa kompyuta bapa ya kushika mkononi. Mwaka uliofuata, katika maonyesho hayohayo, alitabiri kwamba ndani ya miaka 5 aina hiyo ya kompyuta ndiyo itakayouzwa kwa wingi zaidi Marekani. Novemba 2002 mashine zenyewe ziliingia madukani kwa jina la Tablet PC, zikiwa zimetengenezwa na wapangaji kama HP, Toshiba na Acer. Apple wakati huo haikuwa na kishikwambi wala simu.

Miaka 5 ikapita na utabiri haukutimia. Mashine zile zilikuwa nzito, zilipata joto, na bei yake ilikuwa ya kompyuta mpakato za gharama. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa ndani. Ilikuwa Windows ileile ya mezani, yenye vitufe vidogo vilivyopimwa kwa ncha ya kipanya, na sasa mtu alitakiwa avilenge kwa kalamu. Ukiipoteza kalamu, umepoteza kompyuta. Watu wa kazi maalumu walizinunua, kama wale wa hospitali na maghala wanaojaza fomu wakiwa wamesimama. Mtu wa kawaida hakuona sababu.

Kuna kisa katika wasifu wa Steve Jobs ulioandikwa na Walter Isaacson, uliotoka mwaka 2011, ambacho kilituchekesha. Jobs alijikuta kwenye chakula cha jioni na mhandisi wa Microsoft aliyekuwa akishughulikia kompyuta hizi, na bwana yule hakuchoka kumsimulia jinsi zitakavyoubadilisha ulimwengu, na jinsi kalamu itakavyofanya kila kitu. Jobs alirudi nyumbani na hasira zake, akaamua kuwaonyesha kishikwambi kinatakiwa kiweje. Kwake jambo la kwanza lilikuwa kuitupa kalamu, kwa kuwa Mungu alishatupa vidole kumi. Kisa hicho tunakichukua kama kilivyosimuliwa, na chumvi yake. Lakini kinaonyesha kwamba Microsoft ndiyo iliyokuwa na wazo, na hata ililitangazia mezani kwa wapinzani.

Apple ilitangaza iPad tarehe 27 Januari 2010 na kuanza kuiuza tarehe 3 Aprili, kuanzia dola 499. Milioni ya kwanza ilikwisha kwa siku 28, na kufikia siku ya 80 zilikuwa zimeuzwa milioni 3. Apple haikuchukua kompyuta yake ya Mac na kuibana iwe ndogo. Ilichukua mfumo wa simu, ambao tangu mwanzo ulipimwa kwa kidole, ikaupanua. Mwezi huohuo wa Aprili 2010 Microsoft ilifuta mradi wake wa ndani ulioitwa Courier, wa kifaa cha skrini mbili kilichofunguka kama daftari. Kwa hiyo mapema kiangazi cha 2010 kampuni iliyokuwa na wazo tangu zamani haikuwa na kitu cha kuweka mezani.

Miaka miwili iliyofuata soko lilijaa makaburi. HP, iliyoinunua kampuni ya Palm kwa dola bilioni 1.2, ilitoa TouchPad Julai 2011 na kuifuta baada ya siku 49, kisha ikaziuza zilizobaki kwa dola 99. BlackBerry ilitoa PlayBook ambayo siku ya kwanza haikuwa na programu yake ya barua pepe, jambo la ajabu kwa kampuni iliyojulikana kwa barua pepe. Desemba mwaka huohuo ikakubali kwamba bidhaa zilizolala zimeitia hasara ya dola milioni 485. Amazon ilipita chini: Kindle Fire iliuzwa dola 199, kwa kuwa Amazon ilitegemea kula faida ya vitabu na filamu, si ya kifaa. Google ikafuata Juni 2012 na Nexus 7 kwa bei hiyohiyo. Aliyetaka kuingia sokoni wakati huo alikuta juu kuna Apple na chini kuna watu wanaouza bila kujali faida ya kifaa.

Microsoft iliingia hivyohivyo. Tarehe 18 Juni 2012 iliwaita waandishi wa habari Los Angeles kwa taarifa ya muda mfupi. Mkurugenzi mtendaji Steve Ballmer alipanda jukwaani, kisha Steven Sinofsky aliyesimamia Windows, kisha Panos Panay aliyeongoza utengenezaji. Walionyesha Surface. Kwa kweli kilikuwa kifaa kizuri, na hata waliokisema vibaya baadaye hawakulikana hilo. Gamba lake lilikuwa la magnesiamu, unene milimita 9.3, na nyuma kulikuwa na mguu wa kukunjua ili kisimame chenyewe juu ya meza. Kifuniko chake cha milimita 3 kilinasa kwa sumaku, na ukikifungua kinakuwa kibodi. Katikati ya maonyesho Surface ya Sinofsky iliganda, ikambidi akimbie kuchukua nyingine. Video hiyo bado inatazamwa.

Wapangaji walipataje habari? Wengi wao waliambiwa siku chache tu kabla, na kwa kifupi. Mwezi Agosti mwenyekiti wa Acer, J.T. Wang, alisema hadharani kwamba Microsoft itafakari tena jambo hili kabla halijavuruga soko zima. Microsoft yenyewe ilijua. Katika taarifa yake ya mwaka iliyowasilishwa serikalini Julai 2012, katika sehemu ya hatari za biashara, iliandika kwamba Surface itashindana na bidhaa za washirika wake na kwamba jambo hilo laweza kupunguza moyo wao kwa Windows. Mwenye nyumba amefungua duka kwenye ukumbi wa nyumba yake, na ameandika kwa mkono wake kwamba huenda wapangaji wakahama. Alifanya hivyo kwa sababu aliona watu wameanza kupanga kwenye nyumba nyingine kabisa. Mfumo wa Android haukuwa na kodi.

Hapa ndipo tunafika kwenye jina. Surface zilikuwa mbili. Moja iliitwa Surface RT, ikiwa na kichakataji cha aina ya ARM kama kile cha simu, chenye kula umeme kidogo. Nyingine, Surface Pro, ilikuwa na kichakataji cha Intel kama kompyuta mpakato yoyote. RT ilitangulia sokoni, tarehe 26 Oktoba 2012, siku moja na Windows 8. Pro ilifuata Februari 2013.

Programu huandikwa kwa ajili ya kichakataji fulani. Iliyotengenezwa kwa Intel, ARM haiielewi. Kwa wasomaji wa gazeti hili tunao mfano wa karibu kuliko wowote wa vitabu vya kompyuta. Babu zetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mtu wa Maskati asiyejua Kiswahili akiishika barua ya Lamu ya zamani, ataziona herufi anazozijua, ataweza hata kuzitamka, ila hatajua barua inasema nini. Surface RT ilikuwa barua ya namna hiyo. Ilikuwa na skrini ya mwanzo ya Windows 8, na ukigusa mahali fulani, ilikupeleka kwenye dawati lilelile la Windows unalolijua, na folda zake na pipa lake la taka. Lakini hukuweza kuweka hapo programu hata moja ya zamani. Ile ya hesabu za duka, ile ya kuchapishia, mchezo wa mtoto, zote zilikataa. Palikuwa na Office na kivinjari cha Internet Explorer, basi. Mengine yote yalipaswa kutoka kwenye duka jipya la Windows, ambalo wakati ule lilikuwa na rafu tupu nyingi. Programu rasmi ya Facebook haikufika humo mpaka Oktoba 2013. Hata Office iliyokuja nayo haikuwa na Outlook mwanzoni.

Mnunuzi angeyajuaje haya? Herufi mbili, RT, hazikumwambia kitu. Neno Windows lilimwambia kila kitu, na lilimwambia visivyo. Mtu aliyenunua iPad hakutarajia iendeshe programu za kompyuta yake ya ofisini, kwa hiyo hakusikitika. Aliyenunua Surface alitarajia, na alikuwa na haki ya kutarajia, maana hiyo ndiyo ahadi ambayo jina Windows lilikuwa limeitimiza tangu kabla hatujazaliwa. Hata nafasi ya kuhifadhia ilikuwa hivyohivyo: kwenye RT ya gigabaiti 32, mfumo wenyewe na programu zake zilikula karibu nusu.

Kuna mambo mengine yaliyoongeza uzito. Microsoft iliuza kifaa hiki katika nchi 8 tu mwanzoni na, huko Marekani, ndani ya maduka yake yenyewe na kwenye mtandao, mpaka Desemba ilipofungulia maduka ya wengine. Watu wengi hawakupata hata nafasi ya kukigusa kabla ya sikukuu. Bei ilikuwa dola 499 bila kibodi, na 599 pamoja nayo. Siku tatu kabla Surface haijaanza kuuzwa, Apple ilitangaza iPad mini ya dola 329. Na tarehe 12 Novemba, wiki zisizofika tatu baada ya uzinduzi, Sinofsky akaondoka kwenye kampuni.

Hesabu zilikuja katikati ya mwaka. Tarehe 18 Julai 2013 Microsoft ilitangaza kwamba imepunguza dola milioni 900 katika thamani ya Surface RT zilizolala na vipuri vyake. Siku ya pili bei ya hisa zake ilianguka kwa zaidi ya asilimia 11, yaani thamani ya zaidi ya dola bilioni 30 iliyeyuka kwa siku moja. Siku chache baadaye, taarifa ya mwaka ikatoa tarakimu nyingine mbili ambazo tunaomba mzitazame pamoja na ile ya kwanza. Mauzo yote ya Surface hadi mwisho wa Juni yalikuwa dola milioni 853. Gharama za matangazo, hasa kwa ajili ya Windows 8 na Surface, ziliongezeka kwa dola milioni 898. Yaani waliongeza kwenye matangazo fedha nyingi kuliko walizopata kwa kuuza kitu chenyewe, na hasara ya ghalani peke yake ilizidi mauzo. Tarehe 23 Agosti Ballmer alitangaza kwamba atastaafu. Hatusemi Surface ndiyo iliyomwondoa, kwa kuwa yalikuwepo mengi. Na ni haki kuongeza kwamba kampuni ilipata faida ya takriban dola bilioni 21.9 mwaka huohuo. Kwa BlackBerry pigo la namna hiyo lilikuwa mwisho wa safari ya vishikwambi. Microsoft iliweza kulipa na kujaribu tena, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa bado inaingia.

Hapa sisi wenyewe tulibishana. Mmoja wetu alishikilia kwamba jambo lilikuwa bei tu: kifaa kipya, kisicho na programu, hakiwezi kuuzwa sawa na iPad. Ushahidi wake ni kwamba bei ya RT iliposhushwa hadi dola 349 Julai 2013, kilianza kutoka. Ni hoja nzuri. Lakini haielezi kilichotokea kwa ndugu yake. Surface Pro ilianzia dola 899, bila kibodi. Ilikuwa nene, yenye kilo karibu moja, na betri yake ilikwisha haraka kuliko ya RT. Kwa kila kipimo cha vishikwambi ilikuwa mbaya zaidi, tena ghali zaidi. Hata hivyo ukoo wa Pro ndio ulioishi na ukoo wa RT ukafa. Tofauti ni kwamba Pro ilikuwa Windows kweli. Mwanafunzi, mhasibu au mchoraji aliyeinunua alikuta programu zake zote zinafunguka. Aliyelipa nyingi alipata alichoahidiwa, aliyelipa kidogo hakupata. Mwenzetu bado hajakubali, na tumemruhusu aseme hivyo hapa.

Microsoft haikuelewa mara moja. Septemba 2013 ilitangaza Surface 2, yenye ARM vilevile, ikaondoa herufi RT kwenye jina, jambo ambalo kwa maoni yetu liliongeza giza badala ya kulipunguza. Wakati huo wapangaji walikuwa wameshaanza kuukimbia mfumo wa Windows RT. Samsung ilisema tangu Januari 2013 kwamba haitauza chake Marekani, na wengine wakaacha mmoja mmoja. Ikabaki Microsoft na Nokia, na Nokia nayo ilikuwa njiani kununuliwa na Microsoft. Ni duka la mtu na ndugu yake.

Mabadiliko ya kweli yalikuja mwaka 2014. Satya Nadella alishika ukurugenzi tarehe 4 Februari, na tarehe 20 Mei huko New York Panay akaonyesha Surface Pro 3. Ilikuwa na skrini ya inchi 12 yenye umbo la kuelekea mraba, kama karatasi ya kuandikia, badala ya lile refu la kutazamia filamu. Uzito ulishuka hadi gramu 800. Mguu wa nyuma uliweza kusimama kwa pembe yoyote mtu anayotaka. Kwa mtu anayeandika akiwa ameiweka mapajani, jambo hilo ni kubwa kuliko kasi ya kichakataji. Jukwaani Panay alileta mizani. Upande mmoja akaweka Surface, upande wa pili hakuweka iPad. Aliweka MacBook Air, kompyuta mpakato ya Apple.

Kwetu mizani ile ndiyo siku ambayo historia hii iligeuka. Baada ya miaka miwili ya kupigana na iPad, Microsoft iliacha kudai kwamba ina kishikwambi bora. Ilidai kwamba ina kompyuta mpakato inayoweza kushikika. Kilichobadilika kilikuwa jirani wa kufananishwa naye, na papohapo bei ya dola 799, iliyokuwa kubwa mno kwa kishikwambi, ikawa ya kawaida.

Mwaka 2015 yalitokea mambo mawili ndani ya siku mbili. Tarehe 8 Septemba Dell na HP, wapangaji wa siku nyingi, walikubali kuwauzia wateja wao wa makampuni Surface Pro. Dell ilikuwa imekopeshwa na Microsoft dola bilioni 2 mwaka 2013 ilipotoka kwenye soko la hisa, kwa hiyo uhusiano huu haukuwa wa kodi peke yake. Siku iliyofuata, tarehe 9, Apple ilitangaza iPad Pro: skrini kubwa, kibodi ya kubandika, na kalamu. Tim Cook, ambaye Aprili 2012 alikuwa amefananisha kuunganisha kishikwambi na kompyuta na kuunganisha kibaniko cha mkate na jokofu, sasa alikuwa anauza kitu kinachofanana sana na kibaniko chenye jokofu. Na aliyepanda jukwaani la Apple kuonyesha jinsi Office inavyofanya kazi kwenye iPad Pro alikuwa mtu wa Microsoft. Msomaji aliyeanza na kile chakula cha jioni cha mhandisi na kalamu yake aone mwenyewe kalamu ilivyorudi.

Wale walionunua Surface RT na Surface 2 hawakuwa na jukwaa. Mwezi Januari 2015 ilibainika kwamba vifaa vyao havitapata Windows 10. Waliendelea kupata masahihisho ya usalama mpaka tarehe 10 Januari 2023, kisha basi. Kifaa bado kinawaka, gamba la magnesiamu bado linang'aa, na mguu bado unakunjuka bila kulegea. Hakuna programu mpya inayoandikwa kwa ajili yake.

Wazo la ARM lenyewe Microsoft haikulizika. Ililijaribu tena mwaka 2019 kwa Surface Pro X, na tarehe 18 Juni 2024, miaka 12 kamili tangu siku ile ya Los Angeles, ikaanza kuuza Surface Pro mpya yenye kichakataji cha ARM. Safari hii ndani ya Windows kuna mkalimani: programu iliyoandikwa kwa Intel ikifunguliwa, inafasiriwa papo hapo ili ARM iielewe. Si zote zinazokubali, na nyingine huenda polepole. Lakini ile ya hesabu za duka inafunguka.